Jua Lililokataa Kuchwa

Katika mji wetu jua halichwi mpaka watu wapatane. Miji mingine sijui inafanyaje. Wazee wanasema Neno lilipofika huku mlimani, limebebwa na mgeni mwenye ndevu za rangi ya mahindi, wahenga wetu walilisikiliza kama mgonjwa anavyosikiliza masharti ya dawa. Mgeni aliposoma kwamba mtu asikubali jua limchwee akiwa bado na uchungu moyoni, hakuna aliyemwuliza kama huo ulikuwa mfano. Walitoka nje, wakalitazama jua, wakaliambia, umesikia. Na jua, ambalo tangu kuumbwa kwake halijawahi kuambiwa jambo na mtu kwa heshima kiasi hicho, likatii.

Kwa kawaida mambo huenda. Mbuzi wa jirani akila maharage yako asubuhi, mchana jirani anachuma jani la sale kwenye ua wake, analifunga fundo, anampa mzee alilete. Unalipokea, unasema nimesamehe, giza linaingia, watu wanakula. Sale ni mmea tu, una majani marefu kama ulimi wa ng'ombe, kila boma limezungushiwa huo, na makaburi pia. Lakini sale lenye fundo halikataliwi. Ilikuwa hivyo hata kabla ya yule mgeni na ndevu zake, na kanisa lilipojengwa halikuling'oa. Lililitafutia nafasi karibu na madhabahu.

Nimeishi ndani ya amani hiyo tangu nizaliwe, na nataka kusema juu yake jambo ambalo halisemwi. Ukitaka kumjua mwenye nguvu mjini kwetu usiangalie nyumba yake, angalia ua wake. Mnyonge masale yake yamesongamana hata kuku hapenyi, kwa sababu mnyonge hupokea majani, hatumi. Mwenye nguvu ua wake ni vijiti. Anaumiza asubuhi, anachuma mchana, jioni amesamehewa, analala usingizi mzito na mkewe anamfunika shuka. Nilikuwa nikijiuliza: msamaha ni wa nani? Ni wangu mimi ninayeutoa, au ni wa yule anayejua kwamba sina budi kuutoa? Kitu ambacho huwezi kukataa kukitoa, je, uliwahi kuwa nacho? Swali hilo nilimwuliza marehemu mume wangu, akaniambia nipakue chakula.

Ua uliokuwa umenyonyoka kuliko zote ulikuwa wa Barikieli, bwana wa mfereji, yeye aliyefungua na kufunga maji ya mlima kwa zamu. Barikieli ndiye aliyemuua mwanangu Anaeli. Nalisema mapema na kwa uwazi, msije mkadhani nawatega. Kilikuwa kiangazi, akaufunga mfereji upande wetu ili maji yote yateremkie mboga zake. Anaeli, mwanangu wa pekee, mtu mzima mwenye mke, akaenda kuufungua. Ilikuwa asubuhi, watu wanapita kwenda ibadani. Barikieli alimshika kisogo akamlaza kifudifudi kwenye maji yasiyofika magotini. Waliopita walisema baadaye kwamba walidhani wanataniana.

Siku hiyo ndiyo iliyokataa kwisha. Nikisema "siku nyingine" ni mazoea ya ulimi tu. Jua lilipanda, likateremka mpaka kimo cha mgomba juu ya paa la kanisa, likasimama. Tulimwosha Anaeli juani, tukamzika juani, waombolezaji wakakaa matanga juani, wakisinzia na kuzinduka katika mwanga ule ule. Nilipanda sale kichwani pa kaburi. Halikuwa sale la kawaida, lilikuwa lile lenye mstari wa njano pembeni, chipukizi nililolitoa kwa mama yangu nilipoolewa, na hapa mjini hakuna mwingine mwenye nalo. Lilishika, likatoa majani, na bado ilikuwa Jumapili hiyo hiyo, alasiri hiyo hiyo. Miili haikujali. Nywele ziliota, watoto walirefuka, viatu viliwabana. Lakini mipito yote ilikuwa imefungwa: baada ya Anaeli hakuna aliyekufa na hakuna aliyezaliwa.

Ndipo Mzee Shadraka alipokuja kubisha hodi. Huyu ndiye Mpatanishi wetu, mzee wa kanisa mwenye kitambaa cheupe begani na kiti chake mwenyewe mbele, upande wa kwaya. Heri wapatanishi, imeandikwa, na Mzee Shadraka alikuwa na heri hiyo mpaka kwenye mashavu.

"Bwana asifiwe, Mama Anaeli."

"Amina. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikai sana."

Alikaa. Alikunywa uji wangu, akausifu, akafuta midomo. Kisha akatoa jani kwenye mfuko wa koti na kuliweka juu ya kigoda kilichokuwa kati yetu. Lilikuwa na fundo zuri. Na pembeni, kutoka shina hadi ncha, lilikuwa na mstari wa njano.

Nililitazama mpaka macho yakauma.

"Limetoka wapi hili?"

"Kwa ndugu yetu Barikieli."

"Nauliza limechumwa wapi."

"Sale ni sale, mwanangu. Ukipewa mkate Mezani pa Bwana, unauliza ngano ilivunwa shamba la nani?"

"Ua wa Barikieli hauna jani hata moja, Mzee. Wewe unapita pale kila siku."

"Basi ona alivyohangaika kulitafuta," akasema, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, hilo ndilo lililonitisha. "Mtu hahangaiki hivyo kama hajajuta."

Sikulikataa. Sale halikataliwi. Lakini pia sikunyosha mkono. Jani lilibaki juu ya kigoda, Mzee Shadraka akabaki akilitazama, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kuona jani likikaa hivyo, halijapokewa wala halijakataliwa. Aliondoka bila kuaga vizuri.

Huniita Mama Anaeli. Watu wote huniita hivyo. Jina nililopewa na wazazi wangu nimelisahau, nilidhani sitalihitaji tena. Sasa mtu akiita "Mama Anaeli" najiuliza anamwita nani, kwa sababu mimi ni mama wa mtu asiyekuwepo, na mama wa asiyekuwepo huenda naye hayupo. Katika mwanga ule usiohama hata sura zilianza kulegea. Nilimwona jirani yangu akiteka maji, nikaona ana shingo ya Anaeli. Nilimwona mbwa, akanitazama kwa namna ambayo Anaeli alikuwa akinitazama akitaka nimwongezee ugali. Siku moja, lakini hapakuwa na siku moja, niseme safari moja, nilipita karibu na Barikieli njiani, na upande wa jua alikuwa na sikio la mwanangu, lile lenye kikovu cha tetekuwanga. Nilikaribia kumshika mkono.

Mji ulianza kwa upole. Walileta ndizi, walileta maziwa, wakaombea kizingiti changu. Kisha migomba ikaanza kukauka kuanzia ncha, na ule upole nao ukakauka. Kinamama wa kwaya walikuja kuimba langoni kwangu nyimbo za upatanisho, sauti zote nne, wakipokezana ili nisipate kulala, ingawa katika jua lile hakuna aliyelala. Watoto walipasuka midomo, mama zao wakawaleta niwaone. "Tazama," walisema, "tazama unavyowafanya." Hakuna aliyewapeleka watoto wale kwa Barikieli. Jua, kwa maneno ya mji, lilishikwa na mimi. Aliyeua alikuwa ameshatuma jani, amemaliza yake, alikuwa amekaa barazani akipepewa na mkewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Waliokuwa wakinifundisha kusamehe mtoto mzima walikuwa ni watu ambao kwa mbuzi na maharage walingoja mpaka kivuli cha jioni kirefuke ndipo wapokee jani.

Mchungaji Ombeni alikuja mwisho. Simchukii Mchungaji Ombeni, ni kijana mpole, mwenye vidole vyembamba, anayeamini anachokisema. Alikaa chini kabisa, kwenye majani makavu, ili niwe juu yake.

"Mama," akasema, "msamaha hatuutoi kwa sababu mtu anastahili. Sisi wenyewe hatukustahili."

"Najua, Mchungaji. Umenifundisha tangu ubarikiwe."

"Saba mara sabini, Mama."

"Hiyo ni kwa mtu anayekosa tena na tena. Huyu hawezi kunikosa tena. Hakubakiza mwingine."

Kisha akaniomba tusali Sala ya Bwana pamoja. Tulianza vizuri, jina likatukuzwa, ufalme ukaja, mkate wa kila siku ukaombwa. Tulipofika pale penye deni la kusameheana nilifunga mdomo. Yeye aliendelea peke yake mstari mmoja, akasikia sauti yake ikiwa peke yake, akakoma. Tulikaa hivyo, sala imekatika katikati, na nje kwaya ikaanza ubeti mwingine.

Alipoondoka nilisali mimi, si kama anavyosali yeye.

Wewe uliye juu. Ulipokuwa mtini uliwaombea waliokugongelea, ukasema hawajui walitendalo. Sawa. Wewe ulikuwa unasamehe kifo chako. Mimi naambiwa nisamehe kifo cha mwingine. Ni nani aliyenipa funguo za koo la Anaeli, niseme kwa niaba yake kwamba si kitu?

Na mama yako alikuwa pale chini. Amesimama, wanasema. Sijasikia kwamba alikaa. Kuna aliyemgeukia? Kuna aliyemwuliza, mama, na wewe umewasamehe? Kuna aliyempelekea jani?

Nimesoma habari zako zote. Mahali hapo pamerukwa.

Au alijibu, wakaona wasiandike.

Hayo nilisema, sikujibiwa, na sikutarajia. Kilichonijibu ni kilio kutoka chumba cha ndani. Eliasifiwe, mkwe wangu, mjane wa Anaeli, alikuwa na mimba ya Anaeli, na uchungu ulikuwa umemshika.

Tuliita mkunga. Mkunga aliingia, akatoka, akaingia tena. Alinivuta pembeni ya jiko.

"Kichwa kiko mlangoni," akasema. "Njia iko wazi, mama ana nguvu, kila kitu kiko sawa. Lakini saa haiji. Anasukuma, mtoto anabaki pale pale."

"Mpaka lini?"

Aliangalia nje, juu ya paa la kanisa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga walisema, lakini nadhani hawakuwahi kuuona ukisimama. Eliasifiwe alikuwa amelala kwa ubavu, jasho limelowesha mkeka, kila uchungu unakuja kama wa mwisho na hauwi wa mwisho. Nilipoinama kumfuta uso alinishika ukosi wa gauni. Huyu ni mtoto mwenye adabu, hajawahi kunitazama machoni tangu aolewe. Sasa alinitazama.

"Mama, mimi simsamehi yule mtu," akasema. "Mimi sijatumiwa jani, sijaulizwa. Nikiulizwa nitasema hapana. Lakini wewe umeulizwa."

"Mwanangu."

"Wewe msamehe. Msamehe nizae."

"Jani alilochuma alilitoa..."

"Najua alilitoa wapi. Nililiona likiwa pale kwenye kigoda." Uchungu ukamchukua, akarudi akiwa amepauka. "Mtoto huyu hata kufa hawezi, Mama. Unaelewa? Kwa jua hili hata kufa hawezi. Atabaki hapo mlangoni, ananisikia ninavyolia. Anaeli alimalizwa na Barikieli. Huyu nani anamfanyia hivi?"

Nilimtia shuka mkononi alishike badala ya ukosi wangu. Nikaenda kwenye kigoda nikalichukua jani.

Walimbeba Eliasifiwe kwenye machela ya miti, wakamlaza uani kwa kanisa chini ya dirisha, kwa sababu mkunga alisema saa ikija haitangoja mtu akimbiziwe habari. Mimi niliingia mlango mkubwa. Mji wote ulikuwa mle, na ulinipisha njia katikati, na niliona kwenye nyuso zao kitu nilichokiona kwenye nyuso za watu wanaongoja nyama igawanywe. Barikieli alikuwa amekaa mbele, kwenye benchi ya waliokosa. Benchi hiyo ina mto, mnajua? Kinamama wa kanisa waliushona, wakaupamba njiwa, kwa sababu aliyekosa huja na moyo uliopondeka na haifai kukaa pagumu. Aliyekosewa husimama. Na kwa desturi yetu aliyekosa hasemi neno, wanasema asije akaanza kujitetea. Mpatanishi humsemea.

Mzee Shadraka alisimama. "Ndugu yetu aliteleza," akasema. "Yaliyopita si ndwele. Ameleta jani, na dada yetu amekuja nalo mkononi. Mama Anaeli, sema."

Nilisema, "Nimesamehe."

Kwaya ilipasuka kwa wimbo, watu wakakumbatiana, kina baba walikuwa wanalia. Halafu wimbo ukapungua sauti moja moja, kwa sababu kivuli cha msalaba, kile kinacholala sakafuni mbele ya madhabahu, hakikusogea. Uani Eliasifiwe alipiga ukelele ule ule.

"Kwa moyo, Mama," akasema Mchungaji Ombeni kwa upole. "Sema kwa moyo."

"Nimesamehe kwa moyo."

Kivuli kilikuwa pale pale. Waliniambia nipige magoti, nikapiga. Waliniambia nimshike mkono, wakauchukua wangu wakautia ndani ya wake, mkono mkubwa, mkavu, mkono ule ule. Nilisema tena. Nilisema mpaka neno likawa kama kokwa lililonyonywa, halina ladha wala maana. Mwanamke mmoja ambaye migomba yake ilikuwa imekufa yote alisema, wala hakupaza sauti, "Hajasamehe huyu. Anatudanganya mbele za Mungu." Mwingine akasema achapwe uchungu umtoke. Walitoka wakachuma masale kwenye ua wa kanisa, mabichi, na wakanichapa nayo mgongoni, wanawake ambao nimewapikia kwenye misiba yao, na kila mmoja alikuwa akilia huku akinichapa. Mchungaji alikuwa akizunguka akisema, "Kwa upendo, kina mama, kwa upendo." Nilijiuliza ni nani atakayenitumia jani kwa ajili ya hili. Nilijiuliza jua litawangoja na wao, au wao ni wengi mno.

Nilikuwa chini, paji la uso sakafuni, na jani la Barikieli lilikuwa limebanwa kiganjani mwangu karibu na jicho. Niliuona mstari wa njano. Nikafikiri kitu kidogo sana. Kila jani la zamani lililonifikia mikononi lilitoka kwenye ua wa mtu aliyelituma. Alipungukiwa nalo. Watu walipita wakaona pengo kwenye ua wake, wakajua, bila yeye kusema. Hili halikumpunguzia kitu. Alikuwa ananiomba msamaha kwa mali yangu.

Niliinuka, bado wakinichapa, na nadhani waliacha kwa sababu nilikuwa sijakasirika usoni.

"Barikieli," nikasema. "Jani hili umelichuma wapi?"

"Aliyekosa hasemi," Mzee Shadraka akaingilia.

"Najua, Mzee. Ndiyo maana namwuliza."

Barikieli aliniangalia. Alikuwa amezeeka katika siku ile moja, macho mekundu, ngozi ya pua imebabuka. Nilikumbuka kwamba hata yeye hajalala. Baraza na kupepewa, lakini hajalala.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa na kiu.

"Nakuuliza mimi."

"Kaburini."

"Kaburi la nani?"

Mzee Shadraka alimshika bega, Barikieli akautoa ule mkono bila kumtazama.

"La Anaeli."

"Nani alimlaza humo?"

"Mimi."

"Sema ulivyofanya," nikasema. "Usiseme umeteleza. Mfereji ule hauna utelezi, kilikuwa kiangazi."

Basi akasema. Alisema akiwa amekaa kwenye mto wenye njiwa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayeelekeza njia.

"Aliniamkia. Alisema, shikamoo baba mkubwa, naomba tufungue maji kidogo. Nikamwambia aondoke. Akainama kufungua. Nikamshika hapa nyuma, nikamlaza. Nilitaka kumtia adabu tu, hilo ni kweli, mwanzoni. Alirusha miguu. Kisha mkono wake mmoja ukapapasa nyuma, ukanipata kifundo cha mguu, akanishika. Alinifinya. Hakuwa ananiumiza, alikuwa ananishika kama mtu anayekuambia basi. Nikaelewa kwamba ananiambia basi. Alinifinya, kisha akaacha kufinya. Mimi nikaendelea. Kulikuwa na watu wanapita, wakanisalimia, nikawaitikia."

Hapo hapo kivuli cha msalaba kilisogea. Niliona kwa macho yangu kikipanda ngazi ya kwanza ya madhabahu. Ukutani mwanga ukageuka rangi ya papai, kisha ya damu ya mzee, na watu wakatazamana, wakatazama madirisha, na uani mtoto akalia, kilio kipya kabisa, chembamba, chenye hasira.

"Amesamehe," Mchungaji Ombeni akasema huku akitokwa na machozi. "Mama yetu amesamehe."

Mji ukaimba. Walinibeba juu juu, mgongo wangu unachuruzika, wakanitoa nje nikaione jioni. Sikuwa nimefungua mdomo. Nilichunguza ndani yangu kama mtu anavyochungulia chungu, na hasira yangu ilikuwapo, yote, haikupungua hata kijiko. Jua lilizama juu yake bila kuiuliza kitu. Labda halikuwa linanisubiri mimi. Labda tangu siku ya mgeni mwenye ndevu tumekuwa tukilishika kwa upande usio wake. Sijui. Nilimwangalia Barikieli kupitia vichwa vya watu, na nikaona kwamba katika mji mzima ni yeye tu aliyejua kwamba sikusamehe.

Mtoto alikuwa wa kiume. Kwa mila akapewa jina la aliyetangulia, akaitwa Anaeli, na mimi nikawa tena na jina lenye mtu ndani yake. Siku zilirudi kuwa siku. Mzee Shadraka alisimulia mahali pengi jinsi alivyonipatanisha, akaongezewa kitambaa. Wanawake walionichapa walinitumia majani, mengi, nyua zao zikapata mapengo, nikayapokea yote nikalishia mbuzi.

Barikieli alikuja asubuhi ya kwanza baada ya jioni ile, akasimama nje ya ua wangu.

"Mama Anaeli," akasema. "Sina jani."

"Najua."

"Nimefungua maji upande wenu."

"Nimeyasikia."

Alisubiri. Sikumkaribisha, sikumfukuza. Jua lilipokuwa kali aliondoka. Kesho yake alikuja tena, akasimama pale pale, na kesho yake. Hakuomba kitu, na mimi sikutoa kitu. Nilipalilia, nilianika nguo, nilimtazama nilipotaka kumtazama. Nilimchukia kwa utulivu, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea. Pale aliposimama nyasi zilikufa, pakawa na nafasi ya nyayo zake.

Anaeli mdogo alianza kutambaa. Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage, mama yake ameenda mtoni, nikasikia kimya ambacho watoto hukifanya wanapogundua jambo. Nilipoinua uso alikuwa ameshafika kwenye ua. Alikuwa amelala kwa tumbo, kifudifudi, kwenye unyevu wa mfereji upitao kando ya ua, na mkono wake mmoja ulikuwa umepenya katikati ya masale. Ulipapasa, ukapata kifundo cha mguu wa Barikieli, ukakishika.

Barikieli aliganda. Uso wake sikuuona, niliona mguu tu, na mguu ulikuwa ukitetemeka mpaka majani yaliyouzunguka yakatetemeka. Mtoto alifinya kwa nguvu zake zote. Barikieli akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akaanza kuurudisha mguu nyuma.

Nilikuwa nimesimama, maharage yamemwagika. Nilitembea mpaka kwenye ua, nikasimama karibu naye kuliko nilivyowahi tangu aanze kuja, masale tu ndiyo yaliyokuwa kati yetu.

"Usiuvute," nikamwambia. "Mwache ashike."